Mbona Nyumbu Hawajaijaza Nchi?



Mwenye mbuzi hapa Bugarama anaijua hesabu hii: majike wawili wakizaa mmoja mmoja, wanaongezeka wawili, majike ishirini, ishirini. Wengi huleta wengi. Basi mbona wanyama hawajaijaza nchi?

Tutazame nyumbu wa Serengeti. Sotoka, ugonjwa ulioenea Afrika Mashariki miaka ya 1890, uliwaua wao pamoja na ng'ombe, na kwa miongo mingi ukaendelea kuua ndama. Ng'ombe wa wafugaji jirani walipochanjwa, ugonjwa ukawatoka nyumbu pia, ingawa wao hawakuchomwa sindano. Mwaka 1961 walikuwa kiasi cha 250,000. Kufikia 1977 walizidi 1,300,000, yaani wastani wa asilimia 10 hivi kila mwaka. Angalieni vizuri: asilimia 10 ya 250,000 ni 25,000, lakini ya 1,000,000 ni 100,000. Kasi ni ile ile, wanaoongezeka ni mara nne.

Hapo wakasimama. Wengi hudhani ni kazi ya simba, kumbe kilichowazuia hasa ni majani ya kiangazi. Wakiwa wachache kila mmoja hushiba. Wakizidi, fungu la kila mmoja hupungua, hukonda, na wanaokufa hukaribia kulingana na wanaozaliwa. Ukame wa 1993 uliua maelfu kwa maelfu, lakini waliobaki wakapata malisho ya kutosha wakaanza kuongezeka tena.

Msidhani basi kwamba uchache ni neema daima. Faru weusi wa Moru, huko huko Serengeti, walimalizwa na majangili hadi wakabaki majike wawili. Majani tele, dume hakuna! Hawakuongezeka hata kidogo, mpaka dume mmoja alipotembea kwa miguu yake kutoka Ngorongoro, miaka ya 1990, akawafikia.

Kwetu jambo hili liko karibu. Wanyama wa Burigi na Biharamulo waliwindwa sana baada ya wakimbizi wengi kuingia Ngara mwaka 1994. Mwaka 2019 mapori hayo, pamoja na Kimisi, yakawa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Malisho yapo, na maji ya ziwa yapo. Walioachwa katika makundi yanayokutana wanaweza kuongezeka upesi kuliko nyumbu waliojazana. Aliyeachwa peke yake hatazaa mpaka apatikane mwenzake.