Shikamoo kutoka baiti 512

Usiku wa tatu nikiandika mfumo endeshi wangu mwenyewe, jibu lilikuwa lile lile: hakuna diski ya kuwashia. Hata salamu ilikuwa haijatoka.

Mfumo endeshi ndio unaozigawia programu zamu na kumbukumbu; Windows ni mmojawapo. Wapo wanaoandika wa kwao kwa kujifurahisha tu. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi Helsinki alipoutangaza wake, Agosti 1991, akisema ni wa kujifurahisha. Ndio Linux ya leo. Wangu hautafika huko, wala siudai ufike.

Kompyuta yenye BIOS ya zamani, yaani programu ya kuiwashia, ikiwaka husoma baiti 512 za mwanzo wa diski, huzipakia kwenye anwani 7C00, kisha huziachia usukani. Kabla ya hapo hukagua baiti mbili za mwisho: 55, halafu AA. Mimi niliziandika kama namba moja, 55AA, nikasahau kwamba prosesa za Intel hutanguliza mkia. Nikageuza: AA55.

Ikaandika "Shikamoo". Kisha ikachanganyikiwa, ikaanza kujizima na kujiwasha.

Hili lilinigharimu jioni nzima. Prosesa haijui kwamba kazi imekwisha. Ilipomaliza amri zangu iliendelea na baiti zilizofuata, nazo zilikuwa herufi za salamu. Kwake S ni amri ya kuweka rejista BX kwenye rundo! Katika programu za kawaida kuna wa kukupokea ukimaliza. Huku chini hakuna mtu. Dawa yake ni mstari mmoja, amri inayojirukia yenyewe bila kikomo.

Hakuna mashine iliyoungua, maana yote haya niliyafanya ndani ya QEMU, programu ya bure inayojifanya kompyuta. Msimbo wa asembli niliugeuza kwa NASM, nayo ya bure. Anayeanza asiguse diski yake halisi.

Juzi nimehamia hali ya biti 32. Huko huduma za BIOS za kuandika herufi hazipo tena, kwa hiyo unaweka herufi mwenyewe kuanzia anwani B8000, kila herufi baiti mbili: moja yake, moja ya rangi. Nilichagua 02, kijani juu ya weusi.

Shikamoo ya kijani ikatokea. Nikabonyeza herufi za "marahaba", skrini ikatulia vile vile. Draiva ya kibodi sijaiandika.