Chaja Moja, Simu Nne

Simu huchajiwa kwa volti 5 tu aghalabu, ilhali umeme wa nyumba za Nyamityobora, mjini Mbarara, kama kwingineko Uganda, ni volti 240. Kuvuka kutoka 240 hadi 5 ndiyo kazi yote ya mbuni wa chaja yenye matundu kadhaa ya USB.

Hesabu yenyewe si ngumu: simu nne, kila moja ampea 1, ni wati 20, yaani nusu ya balbu ya wati 40. Ugumu ni utengano. Katika chaja njema umeme mkali haukutani kamwe na ule mpole. Nguvu huvuka kwa sumaku, ndani ya transfoma ndogo yenye koili mbili zilizotenganishwa kwa kihami. Chini yake huachwa milimita kadhaa tupu, na fyuzi hulinda mlangoni. Chaja za bei ya kutupa hubana matumizi papo hapo. Kihami kikiungua, volti 240 huteremka hadi simu iliyo mkononi mwa mtoto.

Kwa mwenye kibanda cha kuchaji, awe Nyamityobora au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, simu za watu ni amana. Chaja inayonuka au kuunguza kiganja na ichomolewe siku hiyo hiyo.