Kambarage: Usuli wa Habari za Utoto wa Butiama

Msomaji wa habari za utoto wa Julius Nyerere hukuta maneno mawili yawezayo kumpoteza, nayo ni mtemi na Kambarage.

Babaye, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki wa Butiama hata alipofariki mwaka 1942. Lakini Wazanaki hawakuwa na ufalme wa asili. Mambo yao yaliamuliwa na wazee, marika na waganga wa mvua. Wadachi ndio waliotaka mtu mmoja wa kuwajibu. Kwa jirani zao Waikizu, upande wa Bunda, utemi ulifungamana na mvua yenyewe, na mapokeo humtaja Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi ya Usukuma, kuwa asili yake. Basi mwana wa mtemi asidhaniwe kuwa alilelewa katika jumba la kifalme.

Mtoto huyo, aliyezaliwa mwaka 1922, aliitwa kwanza Mugendi, yaani mwendaji. Kwa shauri la mpiga ramli akapewa jina Kambarage, ambalo ni la mzimu wa kike wa mvua. Kuufasiri mzimu huo kwa neno shetani ni kuihukumu imani kabla ya kuieleza.

Mwaka 1934 aliingia shule ya Mwisenge, Musoma. Ubatizo ulingoja hadi Desemba 1943, alipokwisha kuwa mtu mzima. Kwa hiyo mwandishi amwitaye mwanafunzi wa Mwisenge Julius amtangulizia jina, na papo hapo aifuta dini aliyokulia.