Geto: nani anashika ufunguo?

Mama alipofika Maili Moja kuniona kwa mara ya kwanza tangu nianze kujitegemea, hata maji hajanywa, akaniuliza: "Mwanangu, nasikia unaishi geto. Geto ndiyo nini?"

"Chumba tu, mama. Chumba cha kupanga."

"Sasa kwa nini msiseme chumba?"

Msomaji wangu, swali hilo lilinikaa kichwani. Sisi vijana wa Bongo tukisema geto, kila mtu anaelewa: godoro chini, redio, ndoo ya maji, jiko la mchina na masela watatu wasio na mpango wa kuondoka. Lakini vuka mpaka uende Nairobi. Huko geto si chumba, ni mtaa mzima wa watu wa hali ya chini, na wana hadi kituo chao kinachoitwa Ghetto Radio. Kampala nako, Bobi Wine wa Kamwokya alijulikana kama rais wa geto miaka mingi kabla ya kugombea urais wa nchi mwaka 2021.

Wengi tunadhani neno hili ni la Wamarekani weusi. Wapi! Lilizaliwa Italia, katika mji wa Venice. Kulikuwa na kisiwa kidogo ambacho zamani kilikuwa na kiwanda cha kuyeyusha shaba, na kwa lugha ya mji ule kiwanda hicho kiliitwa geto. Wakati mwingine waliliandika hivyohivyo tunavyoliandika sisi!

Tarehe 29 Machi, 1516 wakubwa wa Venice wakaamuru Wayahudi wa mji huo wakakae kwenye kisiwa hicho. Mchana ruksa kutoka kwenda kutafuta riziki. Usiku malango yanafungwa na walinzi wanasimama. Na mishahara ya walinzi hao nani analipa? Wayahudi wenyewe! Yaani unafungiwa, halafu unadaiwa hela ya kufuli.

Askari wa Napoleon waliyavunja malango hayo mwaka 1797, lakini neno lilishasambaa. Mwaka 1555 Papa Paulo wa Nne alikuwa amewafungia Wayahudi wa Roma vilevile. Mwaka 1940 Wanazi wakajenga ukuta pale Warsaw na kuwabana watu zaidi ya 400,000, ambao wengi wao waliishia kwenye kambi za mauaji.

Marekani je? Kule Chicago hakukuwa na ukuta. Kulikuwa na mikataba ya nyumba iliyokataza mtu mweusi kuuziwa au kupangishwa katika mitaa fulani, mpaka Mahakama ya Juu ilipotamka mwaka 1948 kwamba mahakama zisiitekeleze. Lango halionekani, lakini kila mtu anajua lilipo. Hata Dar es Salaam ya mkoloni ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila mtu alijua kwake ni wapi.

Baadaye reggae na rap zikalichukua neno hili la aibu zikalifanya la kujivunia. Sisi nasi tukaligeuza tena. Kwa wenzetu, geto ni mahali ulipofungiwa na mtu mwingine. Kwetu, geto ni mahali ambapo ufunguo uko mfukoni mwako.

Na mimi, niseme ukweli, ufunguo ule sikutaka kugawana na mtu.

Kumbe mama hakuja kunisalimia tu. Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha pili, shule iko huku kwetu Maili Moja, nyumbani ni Mlandizi, tena kwa ndani. Kila asubuhi makonda wa daladala wanawakwepa wanafunzi kama ukoma. Wenzake wanne wamepanga chumba karibu na shule, naye anataka kujiunga nao. Unajua wanakiitaje? Geto.

"Hilo geto lao," mama akasema, "nani anawapikia? Nani anawauliza wametoka wapi?"

Nikakosa jibu. Maana nayajua mageto yale. Hela ya chakula ikiisha, anatokea kaka mwenye pikipiki na chipsi mayai. Leo lifti, kesho zawadi, mwisho wa mwaka binti haonekani darasani. Ufunguo anao yeye, lakini njaa inamfungulia mlango mtu mwingine.

"Akae kwako," mama akasema.

Nikaanza kujitetea: chumba kimoja, mimi kijana, haipendezi. Yote kweli, lakini sababu kubwa ilikuwa masela wangu. Mama alijua. Akanyamaza.

Aliyetuokoa ni mama mwenye nyumba. Ana mabinti wawili, akasema mdogo wangu alale nao. Mimi ninunue unga na mchele. Masomo ya jioni afanyie kwangu, kwenye meza.

Huyu mama ndiye anayefunga geti saa nne kamili usiku. Miezi minane nilikuwa namlaani kwa kufuli lile. Siku hizi ikifika saa nne kasoro dakika tano, naangalia mwenyewe kama limefungwa.

Masela wanalalamika: "Mshikaji, geto lako limekuwa shule."

Nawaambia waje na madaftari.