Namba ya Reynolds na Matope ya Mto Mara

Fasili nyingi za istilahi za sayansi ni sahihi katika maneno lakini hazimwachii msomaji picha yoyote. Istilahi "namba ya Reynolds" ni mfano mmojawapo. Kwa kawaida husemwa kuwa ni uwiano wa nguvu za inesha na nguvu za mnato katika giligili. Mwanafunzi huyakariri maneno hayo, akafaulu mtihani wake, naye asijue yamesema nini. Makusudi ya makala hii ni kuieleza namba hiyo kwa maji wanayoyajua watu wa Nyakunguru, katika wilaya ya Tarime, yaani maji ya mto Mara.

Kwanza maneno yenyewe. Giligili ni kitu chochote kitiririkacho: maji, asali, hata hewa. Mnato ni ule ukinzani upatikanao tabaka moja la giligili linapoteleza juu ya jingine. Asali ina mnato mwingi, maji yana mdogo. Inesha ni tabia ya kitu kilicho mwendoni kuendelea na mwendo wake mpaka kizuiwe. Neno hili la mwisho limekopwa, nami sioni haja ya kulifukuza. Ila alitumiaye yampasa alieleze mara ya kwanza.

Mwaka 1883 Osborne Reynolds, mwalimu wa uhandisi huko Manchester, Uingereza, alitangaza majaribio yake. Alipitisha maji katika bomba la kioo, akatia ndani yake uzi mwembamba wa rangi. Maji yalipokwenda polepole, uzi ulinyooka toka mwanzo wa bomba hata mwisho. Kasi ilipoongezwa, uzi ulitikisika ghafula, ukakatika, na rangi ikaenea bomba zima. Akaona ya kuwa badiliko hilo halitegemei kasi peke yake. Yafaa kasi izidishwe kwa kipenyo cha bomba na kwa densiti ya giligili, kisha jibu ligawanywe kwa mnato. Jibu hilo si mita wala si sekunde, ni namba tupu. Katika mabomba ya kawaida msukosuko huanza ipitapo 2,000 hivi. Jina la Reynolds lilitiwa na Arnold Sommerfeld mwaka 1908.

Sasa, ile fasili ya nguvu mbili ina kasoro. Katika bomba lililonyooka, maji yakitiririka kwa utulivu, kila chembe yaenda mstari mmoja kwa kasi ileile. Hakuna kinachoongezewa wala kupunguziwa mwendo. Nguvu ya inesha hapo ni sifuri, na huku namba ya Reynolds yaweza kuwa 1,000! Kwa hiyo napendelea tuseme habari ya nyakati mbili. Wa kwanza ni wakati unaohitajiwa na mnato kufikisha athari yake toka upande mmoja wa mkondo hata wa pili. Wa pili ni wakati wa maji yenyewe kwenda masafa hayohayo. Gawanya wa kwanza kwa wa pili, nawe umepata namba ya Reynolds.

Tuchukue mahali ambapo mto Mara una kina cha mita 1 na maji yaenda nusu mita kwa sekunde. Mnato wa maji ungetaka siku 11 na nusu hivi kufikisha athari yake toka chini hata juu. Maji huimaliza mita hiyo kwa sekunde 2. Namba yetu basi ni 500,000. Breki huchelewa mno, na kila kivimbe kidogo cha maji hupata nafasi ya kukua kiwe kizingia.

Katika maji hayohayo mna chembe ya tope yenye upana wa sehemu moja ya mia ya milimita. Chembe hiyo huzama kwa kasi ya milimita 0.09 kwa sekunde, na namba yake haifiki hata 0.001. Kwake yeye maji ni kama asali nzito kwetu sisi. Hapa mwanalugha ana la kusema: twaweza kunena "mnato wa maji", lakini kunena "namba ya Reynolds ya maji" ni kosa, si la sarufi bali la maana. Namba hiyo ni ya mwendo fulani wenye urefu fulani. Haikai ndani ya maji.

Ndiyo sababu mto hubeba matope: vizingia huirudisha juu chembe ambayo ingezama. Ufikapo kwenye mabwawa ya mafunjo kabla ya ziwa Viktoria, mwendo hupungua na matope mengi huachwa humo. Mtungi nyumbani hufanya kazi hiyohiyo. Katika maji yaliyotulia, chembe yetu huzama sentimita 30 kwa muda wa saa moja hivi. Lakini chembe iliyo ndogo mara kumi huzama polepole mara mia, yaani kwa siku karibu 4. Bakteria wengi wana ukubwa wa chembe hiyo ya pili, na densiti yao yakaribia ya maji yenyewe; hao hubaki wakielea katika maji ambayo machoni yamekwisha kutakata.