Mafuta ya Uso: Gani kwa Ngozi Gani?

Wanafunzi wenzetu, mwezi wa sita na wa saba huku Katanga hewa ni kavu, asubuhi ni baridi, na nyuso zetu zinakuwa sawa majivu. Kila mmoja anakimbilia kakopo ka rafiki yake. Lakini ngozi hazifanani.

Tujue kwanza: mafuta hayaleti maji ndani ya ngozi, yanayazuia yasitoke. Vazelini njo yenye nguvu kwa kazi hiyo. Kwa hiyo tupake mara tu kiisha kunawa, ngozi ingali na maji kidogo, tusingoje ikauke. Gliserini yenyewe inavuta maji. Tuichanganye na maji, maana ikiwa peke yake inaweza kuyavuta hata kutoka ndani ya ngozi.

Mwenye ngozi kavu, inayobana na kupasuka, vazelini inamfaa. Yule ambaye paji na pua vinang'aa mbele ya saa sita, na tupele tunamtoka, asifunike uso na mafuta mazito: gliserini yenye maji inamtosha. Wengi wana mafuta ku pua na ukavu ku mashavu. Hao wapake mashavu tu.

Sasa zile krimu za kung'arisha, zinazouzwa meza moja na pomadi! Hizo si za kulainisha. Zingine zina hidrokinoni ao zebaki. Zebaki inaingia mwilini na kuharibu figo. Hidrokinoni ya siku nyingi inaweza kuacha madoa meusi magumu kutoka. Kopo lisiloandikwa vilivyomo tuliache palepale sokoni, hata kama dada mkubwa wa internati analisifu.