Medali ya Moscow Iliyoivia El Paso

Mtu wa Kizota, Dodoma, akishushwa El Paso, Texas, hatajiona mgeni sana. Dodoma iko mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari, na El Paso inaizidi kidogo tu. Vumbi lipo, jua lipo, mvua ni ya kuhesabu. Kitakachomtoa macho ni majengo ya chuo kikuu cha pale, UTEP, yenye mapaa mapana ya mtindo wa Bhutan, kana kwamba yamehamishwa kutoka Himalaya.

Hapo ndipo alipotua mkimbiaji Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, Musoma, mwishoni mwa miaka ya 1970. Alizaliwa 1953, kwa hiyo alikuwa mtu mzima akisoma na vijana waliomaliza sekondari juzi. Kuanzia 1979 hadi 1982 alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani, NCAA, katika mita 10,000 mara nne mfululizo. Mwaka 1980 akaongeza ule wa mbio za nyika.

Siri haikuwa chakula cha bwenini. Ilikuwa ratiba: nyika msimu wa majani kupukutika, ukumbini wakati wa baridi, uwanjani ikifika masika. Mkimbiaji wa nyumbani aliyezoea mashindano machache kwa mwaka alijikuta akipimwa karibu kila wiki, tena na watu wa kaliba yake, akiwemo Mkenya Henry Rono wa Washington State.

Kwenye nyika hesabu ni tamu. Nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa timu hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Timu ikishika nafasi ya 1 hadi ya 5 inapata 15, na chini ya hapo hakuna. Mwaka 1981 UTEP walipata 17.

Kisha Moscow, 1980. Rais Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali hadi Dar es Salaam kuishawishi Tanzania isusie Olimpiki, lakini Nyerere hakumpokea. Ndivyo mwanafunzi wa chuo cha Texas alivyokimbia fainali ambayo Wamarekani aliosoma nao hawakuruhusiwa hata kuikaribia. Miruts Yifter wa Ethiopia alishinda mita 5,000 kwa dakika 13:20.91, Nyambui akafuata kwa 13:21.60. Medali hiyo ya fedha na ile ya Filbert Bayi, ya kuruka viunzi na maji siku moja kabla, ndizo medali zote za Olimpiki ambazo Tanzania inazo hadi leo.

Gidamis Shahanga wa Katesh na Zakaria Barie nao walipitia UTEP. Malalamiko hayakukosekana: makocha wa Marekani walinung'unika kwamba wenzao wanaleta wanaume waliokwisha kuiva. NCAA ikaweka sheria ya kumhesabia mwanariadha miaka aliyoshindana baada ya kutimiza miaka 20 kama sehemu ya muda wake wa kushindania chuo, na mlango ukawa mwembamba.

Kanda ya kati ilikuwa na mlango wake: kambi ya jeshi. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alikuwa mwanajeshi aliposhinda marathoni ya New York 1989 kwa saa 2:08:01. Alphonce Simbu wa Singida naye ni wa jeshi la Tanzania, JWTZ. Septemba 2025, mjini Tokyo, alimaliza marathoni ya dunia sawasawa na Mjerumani Amanal Petros, wote 2:09:48, hadi picha ya utepeni ilipoonyesha kifua cha nani kilitangulia. Kilikuwa cha Simbu, kwa sekunde 0.03.